Integresheni ya Vipeo: Kurudi Tulikotoka Bila Kuisahau C

UTANGULIZI

Mwanafunzi mpendwa, katika karatasi ya Fasihi umezoea kupewa dondoo na kuulizwa: "Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)" Unapewa maneno yaliyokwisha kusemwa, nawe unatakiwa urudi nyuma: nani aliyasema, alimwambia nani, walikuwa wapi, na kwa nini. Wakati mwingine maneno yenyewe hayatoshi. Neno kama "Nisamehe" linaweza kutamkwa na wahusika watatu tofauti katika tamthilia moja. Ili umjue msemaji, unahitaji fununu moja zaidi.

Integresheni ni swali la muktadha katika Hisabati. Unapewa mteremko, kisha unaulizwa ulitoka katika fomula gani. Na kama ilivyo kwa dondoo, fomula nyingi zinaweza kuwa na mteremko uleule. Kinachozitofautisha ni namba moja ambayo tunaiwakilisha kwa herufi C.

Nimesahihisha karatasi za Hisabati kwa miaka kadhaa. Watahiniwa wengi ninaowaona wakipoteza alama katika mada hii si wale ambao hawakusoma. Ni wale walioikariri kanuni bila kujua inafanya nini. Mtahiniwa anaandika hatua tatu safi, mwandiko mzuri, namba zote sawa, halafu anaiacha C. Kama swali lina sehemu mbili, jibu la kwanza likikosa C, sehemu ya pili nayo inaanguka. Somo hili limeandikwa ili jambo hilo lisikupate.

Tanbihi: Karatasi yako ya Hisabati itakuja kwa Kiingereza. Hapa tunaeleza kwa Kiswahili ili uelewe kinachotendeka. Ishara na hatua za hesabu ni zilezile.

Kufikia mwisho wa somo hili, unapaswa kuweza:
(a) kueleza uhusiano kati ya kutafuta mteremko na integresheni;
(b) kutumia kanuni ya vipeo katika fomula zenye vipande vingi;
(c) kuitayarisha fomula kabla ya kuanza;
(d) kueleza maana ya C na kuitafuta thamani yake;
(e) kulihakiki jibu lako mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani.

1. KWENDA MBELE: TUNACHOKIJUA TAYARI

Kabla ya kurudi, tukumbuke tulivyokwenda. Ukipewa y = x³ na kuambiwa utafute mteremko wake, unafanya mambo mawili, kwa mpangilio huu:

Kwanza, unazidisha kwa kipeo: 3 × x³.
Pili, unapunguza kipeo kwa moja: 3x².

Kwa hiyo dy/dx = 3x².

Sasa tazama fomula hizi tatu:

y = x³         dy/dx = 3x²
y = x³ + 7       dy/dx = 3x²
y = x³ − 100      dy/dx = 3x²

Zote zimetoa jibu moja. Ile 7 imepotea, na ile −100 imepotea pia. Kwa nini? Kwa sababu kuongeza 7 kunauinua mchoro mzima juu kwa hatua 7. Hakubadilishi ukali wa kupanda au kushuka kwake.

Fikiria jengo la gorofa tano. Ngazi za kutoka chini hadi gorofa ya kwanza, na zile za kutoka gorofa ya tatu hadi ya nne, zimejengwa kwa kipimo kimoja. Nikikuonyesha picha ya ngazi hizo peke yake, utaweza kuniambia ni kali kiasi gani. Hutaweza kuniambia ni za gorofa gani. Picha inaonyesha mteremko, lakini haionyeshi mahali ngazi zilipoanzia.

Shikilia jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha somo zima: tunapokwenda mbele, namba isiyofungamana na x hupotea njiani. Tunapotaka kurudi, lazima tuiachie nafasi yake.

2. KURUDI NYUMA: KANUNI YENYEWE

Asubuhi unavaa soksi kwanza, kisha viatu. Jioni huanzi na soksi. Unavua viatu kwanza, kisha soksi. Ukitaka kutengua jambo, unaanza na lililofanywa mwisho, na kila tendo unalifanyia kinyume chake.

Tulipokwenda mbele, tulizidisha kwa kipeo, kisha tukapunguza kipeo kwa moja. Tunaporudi:

Kwanza, ongeza kipeo kwa moja.
Pili, gawanya kwa kipeo hicho kipya.

Kwa ishara, kanuni inaandikwa hivi:

∫ xⁿ dx = xⁿ⁺¹/(n + 1) + C,  ambapo n si −1.

Tuichambue ishara moja baada ya nyingine. Alama ∫ ni herufi S iliyorefushwa. Iliwekwa na Gottfried Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, mwaka wa 1675, kutokana na neno la Kilatini summa, yaani jumla. Herufi dx mwishoni inakuambia ni herufi gani unayoishughulikia. Kama swali linahusu muda, utaona dt. Alama ∫ na dx ni kama mabano: kilicho katikati ndicho kinachoshughulikiwa. Ukishamaliza kukishughulikia, zote mbili zinaondoka kwa pamoja.

Na C? C ni namba isiyobadilika, ile iliyopotea wakati wa kwenda mbele. Inaweza kuwa 7, −100, au hata 0. Hatuijui bado, lakini tunajua kwamba nafasi yake ipo.

Mfano 1
Tafuta ∫ x⁴ dx.

Suluhisho
Ongeza kipeo kwa moja: 4 + 1 = 5.
Gawanya kwa kipeo kipya: x⁵/5.
Jibu: x⁵/5 + C

Hakiki: nenda mbele tena. Zidisha kwa 5, punguza kipeo kwa moja: 5x⁴/5 = x⁴. Tumerudi kwenye swali, kwa hiyo jibu ni sahihi.

Uhakiki huu hauchukui hata nusu dakika. Katika mada nyingi huna njia ya kujua kama umepata mpaka karatasi irudishwe. Katika mada hii unayo. Itumie kila mara.

Mfano 2
Tafuta ∫ (6x² − 4x + 5) dx.

Suluhisho
Kila kipande kinashughulikiwa peke yake, na namba iliyo mbele ya x inabaki ikizidisha.

6x² inakuwa 6x³/3 = 2x³
−4x inakuwa −4x²/2 = −2x²
5 inakuwa 5x

Jibu: 2x³ − 2x² + 5x + C

Maswali mawili huulizwa sana hapa. La kwanza: kwa nini 5 imekuwa 5x? Kwa sababu 5 ni sawa na 5x⁰, maana x⁰ ni 1. Ongeza kipeo kwa moja upate 5x¹, gawanya kwa 1, inabaki 5x. La pili: vipande ni vitatu, mbona C ni moja? Kila kipande kingeweza kuwa na namba yake iliyopotea, lakini ukizijumlisha namba tatu zisizobadilika unapata namba moja isiyobadilika. C moja inazibeba zote.

3. KUITAYARISHA FOMULA KABLA YA KUANZA

Kanuni yetu inajua kushughulikia kipande kimoja cha x chenye kipeo. Haijui mabano yanayozidishana, wala haijui kugawanya kwa x. Kazi yako ni kuigeuza fomula iwe vipande vya kawaida kabla ya kuongeza kipeo chochote.

Mfano 3
Tafuta ∫ (x + 2)(x − 3) dx.

Suluhisho
Fungua mabano kwanza: (x + 2)(x − 3) = x² − 3x + 2x − 6 = x² − x − 6

Sasa rudi nyuma: ∫ (x² − x − 6) dx = x³/3 − x²/2 − 6x + C

Tanbihi: Usishughulikie kila mabano peke yake halafu uzidishe majibu. Kama una shaka, jaribu na kitu rahisi. Tunajua x × x = x², na ∫ x² dx = x³/3 + C. Ukishughulikia kila x peke yake unapata x²/2 mara x²/2, yaani x⁴/4. Majibu hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Mfano 4
Tafuta ∫ (x⁴ − 6)/x² dx.

Suluhisho
Gawanya kila kipande cha juu kwa x²: x⁴/x² − 6/x² = x² − 6x⁻²

Kipande cha kwanza kinatoa x³/3.
Kipande cha pili: −2 + 1 = −1, kwa hiyo tunapata −6x⁻¹/(−1) = 6x⁻¹.

Jibu: x³/3 + 6/x + C

Hapa ndipo vipeo hasi huwaangusha wengi. Kuongeza moja kwa −2 kunakupa −1, si −3. Chora mstari wa namba pembeni kama unahitaji: kutoka −2, piga hatua moja kuelekea kulia. Kisha kumbuka kwamba kugawanya kwa namba hasi kunageuza ishara.

Kanuni hii inafanya kazi hata kipeo kikiwa sehemu. Kipeuo cha pili cha x ni x kipeo ½. Ongeza moja, kipeo kiwe 3/2. Kugawanya kwa 3/2 ni sawa na kuzidisha kwa 2/3.

Mbona tulisema n isiwe −1? Jaribu mwenyewe: −1 + 1 = 0, nawe utatakiwa kugawanya kwa 0, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo 1/x ina njia yake nyingine, inayohusu logarithimu, na haimo katika silabasi ya kidato cha nne.

4. KUITAFUTA C

Mpaka sasa tumeiacha C kama C. Swali linapokupa fununu moja zaidi, unaweza kuijua thamani yake.

Mfano 5
Mteremko wa mstari uliopinda ni dy/dx = 3x² − 4x + 1. Mstari huo unapita katika nukta (3, 7). Tafuta mlinganyo wake. (alama 3)

Suluhisho
Hatua ya 1: Rudi nyuma.
y = x³ − 2x² + x + C

Hatua ya 2: Tumia fununu. Nukta (3, 7) inasema x ikiwa 3, y ni 7.
7 = 27 − 18 + 3 + C
7 = 12 + C
C = −5

Hatua ya 3: Andika mlinganyo kamili.
y = x³ − 2x² + x − 5

Sasa tazama kinachompata mtahiniwa aliyeiacha C. Ameandika y = x³ − 2x² + x, akapiga mstari chini ya jibu, akaendelea na swali jingine. Weka x = 3 katika jibu lake: unapata 12. Swali lilisema 7. Ametoa mlinganyo wa mstari mwingine, wenye mteremko uleule, ambao haupiti kwenye nukta aliyopewa. Ni sawa na kulieleza dondoo vizuri kisha kulipachika kwa mhusika asiyelisema. Katika swali la alama tatu kama hili, kwa kawaida moja ni ya kurudi nyuma, moja ya kutumia nukta, na moja ya mlinganyo. Mtahiniwa huyu anaondoka na moja tu, ikiwa anaipata.

Kosa jingine ni kuiweka nukta mahali pasipo pake. Namba za nukta zinaingizwa katika mlinganyo wa y, baada ya kurudi nyuma. Usiziingize katika dy/dx.

Na usimalizie kwa kuandika "C = −5" peke yake. Uliulizwa mlinganyo. Uandike.

5. C BARABARANI

Wanafunzi wengine huniambia kwamba C ni jambo la mtihani tu. Hebu tuingie kwenye matatu.

Matatu inakwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 72 kwa saa, chini ya kikomo cha kilomita 80 kilichowekewa magari ya abiria nchini Kenya. Dereva anakanyaga breki, na kasi inapungua kwa mita 4 kwa sekunde, kila sekunde. Matatu itasonga umbali gani kabla ya kusimama?

Badiliko la kasi kwa kila sekunde huitwa mchapuko. Hapa mchapuko ni −4, kwa sababu kasi inapungua. Kutoka kwenye mchapuko tunarudi nyuma hadi kasi, na kutoka kwenye kasi tunarudi nyuma hadi umbali.

Kasi: v = ∫ −4 dt = −4t + C
Dereva alipokanyaga breki, t = 0 na v = 20. Kwa hiyo C = 20.
v = 20 − 4t

Matatu inasimama v ikiwa 0: 20 − 4t = 0, t = 5. Ni sekunde 5.

Umbali: s = ∫ (20 − 4t) dt = 20t − 2t² + C
Tunapima umbali kuanzia pale breki ilipokanyagwa, kwa hiyo t = 0, s = 0, na C = 0.
s = 20t − 2t²

t ikiwa 5: s = 100 − 50 = 50. Matatu inasimama baada ya mita 50.

Angalia C ya kwanza. Ilikuwa 20, nayo ni kasi ambayo matatu ilikuwa nayo kabla ya breki. Mtahiniwa anayeiacha anaandika v = −4t. Kwake yeye, matatu ilikuwa imesimama, halafu dereva akakanyaga breki, na gari likaanza kurudi kinyumenyume. Hakuna abiria atakayekubali maelezo hayo.

Sasa badilisha C hiyo peke yake. Dereva ana haraka na anakwenda kwa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Breki ni zilezile, mchapuko ni −4 uleule.

v = 25 − 4t, kwa hiyo inasimama t ikiwa 6.25.
s = 25t − 2t² = 156.25 − 78.125 = 78.125, yaani mita 78 hivi.

Tuseme mtoto wa shule anavuka barabara mita 60 mbele. Dereva wa kwanza anasimama akiwa amebakisha mita 10. Dereva wa pili je? Tunatafuta t pale s inapokuwa 60:

25t − 2t² = 60
2t² − 25t + 60 = 0
t = (25 − √145)/4 = 3.24

Tunachukua jibu dogo, kwa sababu ndio mara ya kwanza gari linapofika hapo. Kasi yake wakati huo ni v = 25 − 4(3.24) = 12.04. Dereva wa pili anafika alipo mtoto akiwa bado na kasi ya mita 12 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 43 kwa saa. Hapo hatujahesabu hata muda wa kushtuka kabla ya mguu kufika kwenye breki.

Mteremko wa kasi ulikuwa mmoja kwa madereva wote wawili. Tofauti yote ilikuwa ndani ya C.

6. MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara. Soma kila moja ukijiuliza kama ni lako.

(a) Kuiacha C katika integrali isiyo na mipaka. Jizoeze kuiandika C kabla hujainua kalamu kutoka kwenye mstari huo.

(b) Kuchanganya njia mbili. Mtahiniwa anaongeza kipeo, kisha anazidisha badala ya kugawanya. Au anapunguza kipeo, kisha anagawanya. Ukienda mbele, zidisha na upunguze. Ukirudi, ongeza na ugawanye.

(c) Kugawanya kwa kipeo cha zamani. ∫ x⁴ dx si x⁵/4. Kipeo kipya ni 5, kwa hiyo gawanya kwa 5.

(d) Kuifuta namba isiyo na x. Ukienda mbele, 5 inapotea. Ukirudi, 5 inakuwa 5x.

(e) Kuendelea kuandika ∫ na dx baada ya kumaliza kurudi nyuma. Alama hiyo ni amri. Ukishaitekeleza, iondoe.

(f) Kuandika jibu bila hatua. Kikokotoo hakikuonyeshi C, na mtahini hawezi kukupa alama ya mbinu asiyoiona. Jibu likikosewa lakini hatua zipo, bado unaweza kuokoa alama.

Tanbihi: Integrali yenye mipaka, ile yenye namba mbili juu na chini ya alama ∫, haihitaji C. Unaweka namba ya juu, unaweka ya chini, unatoa, na C inajitoa yenyewe. Usiibebe huko kwa mazoea.

7. MAWAIDHA YA CHUMBA CHA MTIHANI

Mada hii hutokea katika karatasi ya pili. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ambayo yote ni ya lazima, jumla alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, nawe unachagua 5, kila moja alama 10. Swali fupi la kutafuta mlinganyo linaweza kuja katika sehemu ya kwanza, na lile la mchapuko, kasi na umbali katika sehemu ya pili. Ukiona maneno kama "mwanzoni", "kutoka katika hali ya kutulia", au "unapita katika nukta", yapigie mstari. Hayo ndiyo fununu ya C. Mtungaji hakuyaandika kwa ajili ya kupamba swali.

ZOEZI

Jibu maswali yote kabla ya kutazama majibu. Hakiki kila jibu kwa kwenda mbele.

1. Tafuta ∫ (8x³ − 6x + 1) dx. (alama 2)

2. Tafuta ∫ (2x − 1)(x + 4) dx. (alama 3)

3. Tafuta ∫ (3x⁴ + 8)/x³ dx. (alama 3)

4. Mteremko wa mstari uliopinda ni dy/dx = 4x − 3, na mstari unapita katika nukta (−1, 2). Tafuta mlinganyo wake. (alama 3)

5. Mwenzako ameandika: ∫ 10x⁴ dx = 40x³ + C. Eleza alichokosea, kisha toa jibu sahihi. (alama 2)

6. Jiwe linarushwa wima kuelekea juu kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde kutoka kwenye paa lililo mita 15 juu ya ardhi. Mchapuko wake ni −10. Tafuta:
(i) kasi yake baada ya sekunde t, (alama 2)
(ii) kimo chake kutoka ardhini baada ya sekunde t, (alama 3)
(iii) kimo kikubwa zaidi linachofikia; (alama 2)
(iv) muda linaochukua kufika ardhini. (alama 3)

MAJIBU

1. 2x⁴ − 3x² + x + C

2. Fungua mabano: 2x² + 7x − 4. Jibu: 2x³/3 + 7x²/2 − 4x + C

3. Gawanya kwanza: 3x + 8x⁻³. Kipeo −3 kinakuwa −2. Jibu: 3x²/2 − 4/x² + C

4. y = 2x² − 3x + C. Ukiweka nukta: 2 = 2 + 3 + C, C = −3. Jibu: y = 2x² − 3x − 3

5. Alikwenda mbele badala ya kurudi nyuma: alizidisha kwa 4 na kupunguza kipeo. Jibu sahihi: 10x⁵/5 + C = 2x⁵ + C

6. (i) v = −10t + C. Mwanzoni v = 10, kwa hiyo C = 10 na v = 10 − 10t.
(ii) h = 10t − 5t² + C. Mwanzoni jiwe lilikuwa mita 15 juu ya ardhi, kwa hiyo C = 15 na h = 10t − 5t² + 15.
(iii) Jiwe likifika juu kabisa v = 0, kwa hiyo t = 1. h = 10 − 5 + 15 = 20. Ni mita 20.
(iv) Ardhini h = 0: 5t² − 10t − 15 = 0, t² − 2t − 3 = 0, (t − 3)(t + 1) = 0. Muda hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo t = 3. Ni sekunde 3.

Kama katika swali la 6(ii) uliandika C = 0, jiwe lako lilirushwa kutoka ardhini, na paa halimo katika hesabu yako. Rudi kwenye swali, upigie mstari maneno "mita 15 juu ya ardhi", kisha ulifanye upya kuanzia hapo.